Jiko Alilolipima Chande

Mliniacha nimesimama uani na sururu mkononi, ukuta wa jiko la zamani umelala chini, na masizi ya miaka thelathini yametua juu ya nguo zote za jirani. Naanzia hapo hapo, kabla sijaogopa.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: naitwa Hasna, wa Ujiji. Mume wangu Chande aliondoka mwezi wa kwanza na boti yake ya mbao, kapakia chumvi na unga wa muhogo wa kupeleka vijiji vya kusini mwa ziwa. Hakurudi. Kilichorudi ni dumu la mafuta lenye jina lake, waliloliokota wavuvi likielea. Wazee wakakaa, wakashauriana, wakasema maji yamemchukua.

Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi, sijatia wanja, sijavuka kizingiti. Nilipotoka nilikuwa na mtoto mmoja, Lulu, mwenye kifua kinacholia kama filimbi, na mama mkwe mmoja, Bi Ashura, ambaye maneno yake ni ya kuhesabu.

Muuguzi aliyempima Lulu alisema neno moja tu: moshi.

Ndipo nikalikumbuka jiko.

Jiko hili halikuzaliwa kwangu peke yangu. Mwaka juzi nilikuwa nasoma darasa la jioni kule Gungu. Mwalimu wetu, Regina, alitufundisha kwamba jiko zuri halitoi moshi wala haliangushi mti. Nikarudi nyumbani nikamwambia Chande, "Nataka jiko lisilokohoa."

Akalichukua daftari langu la hesabu, lile la miraba, akaanza kuupima ua kwa shubiri. Alipimia mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulimbeba Lulu. Na huo wa kushoto ulikuwa na kasoro: kidole cha mwisho kiliishia kwenye kifundo. Kamba ya nanga ilikikata angali kijana.

"Shubiri yako fupi," nikamwambia. "Utanijengea kibanda cha kuku."

"Afadhali," akasema. "Nikiingia kuonja mchuzi, hutakuwa na pa kukimbilia."

Akachora. Mimi nikaandika namba. Ramani ile ndiyo niliyomkabidhi fundi mwezi wa saba mwaka huu, imekunjwa mara nne, ina doa la mawese kwenye pembe.

Fundi mwenyewe ni Gervasi, Muha wa Kidahwe anayeishi Katubuka. Mkubwa wa mwili, mdogo wa sauti, na hana jambo asilolitania. Aliigeuza ramani juu chini, akapima ua kwa futi yake, akaigeuza tena.

"Mama Lulu, aliyepima hapa alipimia nini?"

"Shubiri."

"Shubiri ya nani? Mbona haifiki popote? Hapa ameandika kumi na tisa, mimi kwa mkono wangu napata kumi na saba na kidogo."

"Ya marehemu mume wangu."

Akavua kofia. "Mungu amrehemu. Basi tutaifuata shubiri yake. Mafundi tutajua wenyewe."

Na akaifuata kweli. Matofali ya udongo yaliyoshindiliwa tu, bila kuchomwa hata kuni moja. Jiko banifu la udongo wa kichuguu, matundu mawili ya sufuria, na bomba la kupeleka moshi juu ya bati. Cha kuwashia, maganda ya mise, zile kokwa zinazobaki tukishakamua mawese. Na kwenye ukuta wa mashariki, chupa tupu za soda zimelazwa katikati ya matofali, ili asubuhi mwanga uingie kijani.

Hilo la chupa silo la Mwalimu Regina. Ni langu. Nililiona kwenye simu nikalipenda. Mnyonge naye anapenda urembo.

Bi Ashura alizitazama zile chupa kwa muda.

"Hasna, mwanangu. Tutapika humu au tutafungua baa?"

Gervasi alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo.

Sasa nafika kwenye lile ninaloona haya kuliandika.

Nilipotoka eda, mdogo wake Chande, Ashraf, alianza kuja. Ana duka la simu mjini. Aje na dawa ya kifua ya Lulu, aje na samaki wa migebuka, aje bila kitu akae tu ambebe mtoto. Si mtu mbaya. Sijawahi kumwona akipandisha sauti. Mwezi wa nane akamwambia mama yake, mbele yangu, kwamba anataka kuniweka ndani kwa halali, ili Lulu asilelewe na mtu baki.

Bi Ashura hakusema ndiyo, hakusema hapana.

"Jiko kwanza," akasema. "Mwanamke haolewi ndani ya vumbi."

Basi ndoa yangu ikafungwa kwenye jiko. Likiisha, nami nijibu.

Na jiko likawa haliishi. Wiki hii Bi Ashura anataka dirisha lisogezwe, eti linatazama kwa watu. Wiki ijayo sakafu haikumridhisha, ivunjwe. Kisha bomba la moshi liko chini mno. Mimi nikawa nalia kichinichini. Nikajua hanitaki. Nikajua anaona namsahau mwanawe.

Na alikuwa na haki ya kuona hivyo. Nakiri hapa, mbele ya kila anayesoma: nilikuwa nimeanza kucheka tena. Siku moja nilikaa kutwa nzima bila kumkumbuka Chande, nikaja kushtuka jioni nikiwa naanua nguo. Nikazikumbatia zile nguo kama mtu aliyeiba.

Jumatatu ile, Ashraf akaja na haraka zake.

"Mama, fundi anasema zimebaki mbao za meza na rafu. Mvua za mwezi wa kumi ziko mlangoni. Kesho naleta mninga mpya, Ijumaa kamaliza."

"Mninga mpya?" Bi Ashura alikuwa anachambua dagaa, hakuinua kichwa. "Na mwalimu wa Hasna kasema miti isikatwe?"

Tukamtazama wote. Huyu ndiye aliyesema Mwalimu Regina hajawahi kupuliza moto maishani.

"Mama, tangu lini umekuwa mtu wa mazingira?" Ashraf akamuuliza.

"Tangu leo. Zitafutwe mbao za zamani. Hata zikichukua mwezi."

Ashraf akanigeukia mimi, macho yanacheka. "Shemeji, umemroga mama yangu."

Nami, mjinga wa watu, nikafurahi. Nikaenda kumbusu Bi Ashura mkono ule ule uliojaa dagaa. Nikadhani hatimaye amenielewa.

Aliutoa mkono wake pole pole.

Alhamisi asubuhi Bi Ashura alikwenda hitma kwa jirani. Alipotoka tu, Gervasi akaingia na mkokoteni.

"Mama Lulu, leo nakuletea heri. Kungoja mwezi kwa nini? Mbao za zamani ninazo mwenyewe kwangu Katubuka. Za boti. Nilinunua boti nzima nikaivunja, nikitaka kutengeneza mabenchi ya kigango chetu. Mzee wa kigango akazinusa akasema waumini hawawezi kusali juu ya harufu ya dagaa."

"Kwa hiyo unaniletea mimi harufu ya dagaa?"

"Wewe si unapikia?"

Mbao zilikuwa pana, nzito, zimepakwa rangi ya bluu. Nikazipapasa. Nikaona meza yangu tayari, Lulu amekaa juu yake anamenya kitunguu bila kukohoa. Hakuna mti uliokatwa. Ramani imekamilika. Nikajiambia, Hasna, umemaliza alichokianza. Sasa una ruhusa.

Nikachukua simu. Kwa mbao hizi jiko lingeisha kesho, Ijumaa, lakini furaha haisubiri. Nikamwandikia Ashraf neno moja: Ndiyo.

Nikatuma.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Saa nne randa ikagusa ubao wa kwanza.

Rangi ya bluu ikatoka kwa maganda membamba. Chini yake kukawa na kijani.

Boti ya Chande ilikuwa ya kijani.

"Boti za kijani ni nyingi," nikasema, tena kwa sauti.

"Nini?" Gervasi akauliza.

"Hakuna. Endelea."

Akaugeuza ubao kwa ubavu, upande ule unaokutana na mwenzake. Watu wa hapa tunajua mbao za boti zinavyozibwa: pamba inalowekwa kwenye mawese, inapigiliwa kwenye mfereji kwa patasi, maji yasipite. Gervasi akaanza kuichokoa ile pamba ya zamani kwa msumari. Ikatoka kwa mafundo, nyekundu, inanuka mawese yaliyochacha.

Kisha kikatoka kitu kingine. Kirefu, chembamba, si pamba.

"Ona watu wanavyozibia," Gervasi akasema. "Huyu kaishiwa pamba akatia nguo ya mkewe."

Akacheka. Akanipa.

Nilikifuta kwa kidole gumba. Chini ya mafuta kulikuwa na nyekundu nyingine, ya kiwandani, na mstari wa nukta nyeusi.

Mwaka niliobeba mimba ya Lulu, Chande aliivuta boti mchangani kuiziba upya. Nilimpelekea chakula. Pamba ilimwishia shubiri mbili kabla ya mwisho wa mfereji.

"Nipe kanga yako," akasema.

"Hii? Hii si ya harusi?"

"Ndiyo nzuri. Ya harusi haiachii."

Nikachana pindo kwa meno. Akalikanda kwenye mawese, akalipigilia mwenyewe. Mikono yetu ilinuka siku tatu.

"Fundi," nikasema. Sauti ilikuwa yangu lakini ilitokea mbali. "Boti hii uliinunua wapi?"

"Ilagala, pale Malagarasi inapoingia ziwani. Nilikwenda kutafuta mbao, nikaikuta."

"Lini?"

"Baada ya Pasaka. Wiki moja hivi."

Baada ya Pasaka. Mwezi wa nne. Mimi nilikuwa ndani ya eda, nimekaa kwenye mkeka, nasubiri siku za maiti ziishe.

"Walioiokota walisema mwenyewe alizama?"

"Iokotwe wapi, mama? Boti ilikuwa nzima, imefungwa kwenye kigingi. Mwenyewe ndiye aliyeniuzia."

Nikashika ukuta. Nilishika penye chupa.

Gervasi hakuniona. Alikuwa ameinama, anachokoa mfereji, anaongea na ubao wake.

"Tena tulibishana, wewe acha tu. Yeye anasema boti ina shubiri hamsini na nane, mimi nasema hazifiki hata hamsini na tatu. Anapima mkono wa kushoto, nami namwambia, ndugu yangu, mkono wenyewe hauna kidole kizima, utanipunja mchana kweupe. Akacheka sana. Mtu mzuri tu. Kasema anavuka kwenda Kongo, hana haja ya..."

Hapo msumari ukasimama.

Akainua kichwa. Akaitazama ramani yangu, ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta kwa udongo. Kumi na tisa. Akautazama mkono wake mwenyewe. Kisha akanitazama mimi.

"Mama Lulu," akasema. "Mimi sikujua."

"Najua hukujua."

"Labda ni mtu mwingine. Vidole vinakatika kwa wengi."

Nilikwenda chumbani, nikafungua sanduku, nikaitoa ile doti ya kanga ya harusi. Sikuwa nimeivaa tangu siku ya dumu. Niliilaza kitandani, nikatafuta pale penye kuchanika.

Lulu akanifuata, akapanda kitandani.

"Mama, unashona?"

"Naangalia tu, mwanangu."

Niliweka kile kipande kwenye pengo. Upande mmoja meno yangu yalikuwa yameacha alama, palipobaki nyuzi tatu ndefu. Nyuzi zile zilikuwa huku kwenye kipande. Mahali zilipotoka palikuwa kule kwenye doti.

Kikaingia.

Sikulia. Nataka mjue hivyo. Machozi yote niliyamwaga mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilimlilia mtu aliyekuwa amekaa Ilagala anabishana na fundi juu ya shubiri, anacheka sana.

Ila jambo moja likanijia, likakaa mbele yangu. Ilagala. Mwezi wa nne.

Mwezi wa nne, mimi nikiwa eda, Bi Ashura aliaga anakwenda Ilagala kumtazama dada yake mgonjwa. Alilala siku moja, akarudi. Hakula siku mbili. Nikambembeleza kwa uji, akaniambia, "Kunywa wewe, una mtoto." Tangu siku ile ndipo maneno yake yakawa ya kuhesabu.

Dirisha lisogezwe. Sakafu ivunjwe. Bomba liko chini mno. Hata zikichukua mwezi.

Mama huyu hakuwa akilichukia jiko langu.

Nilimsikia akirudi kutoka hitma. Nikasikia ndara zake uani, kisha zikasimama. Nilipotoka, Gervasi alikuwa ameondoka na mkokoteni wake mtupu. Bi Ashura alikuwa peke yake mbele ya mbao, buibui bado mwilini, bahasha ndogo ya haluwa ya hitma mkononi. Ubao mmoja ulikuwa nusu bluu, nusu kijani.

Nilikaa chini, karibu na miguu yake. Nikamwekea kile kitambaa kwenye kiganja.

Sikuuliza neno. Nilitaka aulize yeye. Nilitaka aseme, "Hiki nini, mwanangu? Kimetoka wapi?" Wallahi angeuliza hivyo tu, ningemwamini. Ningesema vidole vinakatika kwa wengi.

Bi Ashura hakuuliza kimetoka wapi. Alikinusa. Alikikunja mara mbili, akakifumbata.

"Nilimwambia akaiuze mbali," akasema.

Upepo wa ziwa ulipita juu ya bati, ukalitikisa lile bomba jipya. Ndani, Lulu alikohoa mara moja, akanyamaza.

"Yuko hai," nikasema.

"Yuko hai na ana nyumba. Ng'ambo. Ana mtoto wa kiume huko, mkubwa kuliko Lulu."

"Ukaniacha nikae eda."

"Nilijua nilipomkuta Ilagala, nawe uko katikati ya eda. Nilirudi nikakukuta umevaa nyeupe, umekondeana, unamwombea dua. Nikasema, nimwambie nini huyu? Kwamba anayemwombea anacheka?" Machozi yake yalishuka bila uso kubadilika. "Nikaona kifo kina heshima zaidi. Nilikosea, Hasna. Kisha Ashraf akaja na lake, nikawa sina pa kutokea. Sakafu ile niliitia ufa kwa mkono wangu, wewe umelala, ndipo nikasema ivunjwe. Nilijua jiko likiisha nitawaingiza wanangu wote kwenye haramu."

"Ashraf anajua?"

Alinishika kifundo cha mkono. Sikujua bado ana nguvu zile.

"Hajui. Alimlilia kaka yake kuliko wewe. Siku atakayojua atavuka huko kumfuata, na huyo mwingine hatakubali kurudi. Nitazika mmoja kweli. Usimwambie, mwanangu. Mjibu hapana. Mwambie humtaki tu. Atapona."

Nikafumbua mdomo nimweleze. Kwamba jibu si la kesho. Kwamba jibu lilikwenda tangu saa tatu asubuhi, neno moja, na haliwezi kurudi.

Sikuwahi.

Pikipiki ilizima mlangoni. Mlango wa ua ukasukumwa kidogo, kwa adabu, kama anavyosukuma siku zote. Ukaingia kwanza mkono wake ulioshika kanga mpya, doti nzima, bado ina karatasi ya dukani.

"Hodi," Ashraf akasema. "Mama upo? Shemeji amekwambia?"

Bi Ashura akanigeukia. Kiganja chake kilikuwa kimeanza kufunguka, na kipande cha kanga kilikuwa kikimchungulia Ashraf.